Kamba ya Mtani

Mimi si mtu wa kusamehe. Nalisema mapema ili msomaji asije akasubiri machozi ya kupatana mwishoni. Bibi yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mkunga akapata kazi ya kuikunjua. Hiki ninachosimulia ni kisa cha mtu aliyenifanyia ubaya nikiwa ndani ya maji ya baridi, na jinsi nilivyomrudishia.

Tulikuwa marafiki wanne. Wa kwanza ni nesi, mwanamke niliyesoma naye sekondari, mpole kupita kiasi. Wa pili ni mwanamume wa Ludewa, aliyezaliwa kando ya Ziwa Nyasa katika ukoo wa wavuvi, akaja Njombe kuchana mbao. Yeye ndiye pekee kati yetu aliyejua kuzamia tangu utoto, kwa hiyo tukawa tunamwita mwalimu. Wa tatu ni Mngoni wa Songea mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe. Wa nne ni mimi, Mbena, muuza mitumba ya baridi sokoni Makambako: makoti, sweta, soksi nzito, kofia za kufunika masikio.

Wangoni na Wabena ni watani tangu enzi za mikuki. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaamua kutukanana badala ya kuuana. Siku ya kwanza nilipoingia dukani kwa yule Mngoni kumtafutia mdogo wangu tairi, aliniambia yeye hawauzii walevi wa ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Nikamwambia sikujua kama siku hizi walaji panya nao wanauza tairi. Basi urafiki ukaanzia hapo. Sikuwahi kumwita kwa jina lake, na yeye hakuwahi kuniita kwa langu. Ilikuwa ni mtani, mtani, kutwa nzima. Na sheria ya utani sote tunaijua: anayekasirika ndiye aliyeshindwa, na faini yake ni kuku.

Wazo la kuzamia lilitoka kwa nesi, aliyesikia kwamba maji ya baridi yanaamsha mwili. Mwalimu alimcheka. Alisema, "Kwetu ziwani unaogopa mamba. Hapa kwenu mtu anaogopa maji yenyewe." Lakini Jumapili moja ya mwezi wa saba, baada ya misa ya kwanza, tulipanda pikapu ya mtani tukaenda njia ya Matembwe, kwenye bwawa la mstaafu mmoja mwenye shamba la parachichi. Jalidi ilikuwa imelala nyeupe juu ya nyasi. Pembeni, kwenye matete, maji yalikuwa yamefunga utando wa barafu, mwembamba kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa, na mwalimu akaupasua kwa fimbo. Tuliingia tukipiga kelele. Kifua kilinibana nikadhani nimesahau jinsi ya kuvuta pumzi. Nilipotoka nikakaa kando ya moto, nikajisikia nimeoshwa mpaka ndani ya mifupa, na nikajua nitarudi.

Tukarudi kila Jumapili. Mwalimu alileta miwani ya kuzamia kutoka kwao na kutufundisha kukaa chini bila kuhangaika. Mwenye bwawa alituruhusu kwa sharti moja, kwamba kila tukija mmoja wetu ashuke chini kabisa, kwenye mdomo wa bomba linalopeleka maji kwenye miparachichi, asafishe wavu. Bwawa lile limezungukwa na misindano, yaani misonobari, na majani yake yakianguka majini huenda kujikusanya pale wavuni mpaka pampu ikakohoa. Kazi ile tuliipenda. Ilitupa sababu ya kuwa wendawazimu.

Anayeshuka alifungwa kamba kiunoni, na mwenzake akashika mwisho wake ukingoni. Ukivuta mara moja, maana yake u mzima. Ukivuta mara tatu, maana yake nitoeni. Mwalimu hakuwa mtu wa maneno mengi lakini kwa kamba alikuwa mkali. "Kamba haichezewi," alisema. "Kwetu, kamba ni mtu."

Mtani wangu aliichezea. Akishika kamba yangu alikuwa akiitingisha kwa juu nikiwa kule gizani, kunishtua tu, na nikitoka ananiuliza kama nimekutana na mizimu ya Wabena. Mimi ya kwake sikuwahi kuitingisha. Nilimjibu kwa mdomo, kama utani unavyotaka, na kamba nikaiacha ifanye kazi yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu. Nesi na mwalimu walikuwa wamebaki ng'ambo ya bwawa, wanahangaika na kuni mbichi, na mtani ndiye aliyeshika kamba yangu. Nilikuwa nimevaa sweta fupi la kubana, nikidhani litanihifadhi joto. Nilishuka, nikafika wavuni, nikaanza kukwangua majani kwa vidole ambavyo sikuwa nikivisikia tena. Nilipogeuka nipande, kitu kikanishika mgongoni. Waya wa wavu ulikuwa umekatika, na ncha yake imeingia kwenye sweta.

Nilivuta kamba mara tatu. Nilivuta kwa nguvu, nikahesabu, maana nilikuwa bado na akili zangu zote. Kamba ikalegea. Ikashuka ikanizunguka usoni kwa mikunjo, laini, kama mtu aliye juu ameiachia kwa makusudi. Nikavuta tena, na mkononi ikaja kamba tu. Nakumbuka nilikasirika kabla sijaogopa. Kisha nikaogopa. Nililivua lile sweta kupitia kichwani, nikameza maji, nikaliacha limening'inia pale chini, nikapanda.

Nilitoka nikiwa na sidiria na kaptula, natapika maji na chai ya asubuhi. Mtani wangu alikuwa amesimama ukingoni, anacheka.

"Jamani mfanyabiashara!" alipaza sauti ili wale wa ng'ambo wasikie. "Hata huko chini kuna wateja wa sweta?"

Nao wakacheka. Nesi pia alicheka, mpaka alipofika karibu akaona midomo yangu.

"Nimevuta mara tatu," nilimwambia mtani nilipofunikwa blanketi. "Mara tatu! Hukusikia?"

"Haki ya Mungu, mtani, kamba ilikuwa imelala."

"Ililegea. Kamba haijilegezi."

"Ikiloa inalegea yenyewe," alisema, akawageukia wengine kama mashahidi wake.

Nilimgeukia mwalimu. Yeye ndiye niliyemtegemea. Kisha akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniua, "Baridi inadanganya mikono, dada. Unadhani umevuta, kumbe umewaza tu. Wiki ijayo pumzika, utuangalizie moto."

Wiki ile ijayo ikawa msimu mzima. Wao walizamia, mimi nikachochea kuni. Nilipewa birika. Nikiuliza zamu yangu, nesi ananishika bega na kuniambia mwili wangu umeshtuka, nisiulazimishe. Nilikuwa mtu aliyepaniki. Nilikuwa mwanamke ambaye neno lake kuhusu mikono yake mwenyewe haliaminiki. Nililokuwa nikilitaka ni jambo moja tu: yule mtu aseme mbele ya wenzetu kwamba nilivuta na alisikia. Bila hilo nisingezamia tena pale, na mbaya zaidi, kuna siku niliamka nikawa najiuliza mwenyewe kama kweli nilivuta.

Hapo ndipo nilipomchukia. Kunizamisha ni jambo moja. Kunifanya nitilie shaka vidole vyangu ni jambo jingine.

Na yeye hakuishia bwawani. Alikuwa akija Makambako kupokea mizigo yake ya vipuri kutoka Dar, na kila akija anapita sokoni kusimulia. Haukupita muda wanawake wenzangu wa mitumba wakawa wananiita Sweta. "Sweta, umeamkaje?" "Sweta, leo umefungua belo la nguo kavu au za majini?" Nilicheka nao, meno nje, roho inafuka moshi. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba yeye ni muuaji na mwongo. Soko zima likalipuka kwa kicheko. Nilikuwa nimemkasirikia mtani. Walinishika mkono mpaka kwa muuza kuku, nikatoa faini, na mtani wangu akaondoka na jogoo mwekundu kwapani. Nilikaribia kufa, na mimi ndiye niliyelipa kuku.

Mwaka mzima nilimwazia mabaya. Nikikunja makoti namzamisha. Nikiwa kanisani, padri anahubiri habari za shavu la pili, namzamisha tena. Nilitaka anywe maji, ajue kamba ikilegea usoni inavyokuwa. Lakini sikwenda kumtafuta na wala sikumnunia. Nilirudi kwenye utani kama kawaida, nikamtukana vizuri, akanitukana, watu wakasahau. Wahenga walisema subira yavuta heri. Mimi nilikuwa tayari kuvuta chochote.

Mwezi wa saba ulirudi na jalidi yake. Jumapili ya kwanza mtani alikuja bwawani na mchumba wake, anayefundisha shule ya msingi, binti mcheshi wa Makambako ambaye hakuwa amewahi kutuona tukizamia. Mtani alikuwa amenyoa na kununua kaptula mpya. Alitangaza kwamba wavu leo ni wake. Mwalimu wetu akaokota kamba, na mimi nikaacha birika chini, nikaenda nikaichukua mkononi mwake.

"Mwaka jana mtani alishika yangu," nilisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Utani ni zamu. Leo nashika yake."

Mchumba akapiga makofi. Alijua utani, akajua kwamba hapo hapakataliwi. Nesi aliniangalia akaangalia chini. Mtani akacheka kwa kuchelewa kidogo, akasema, "Haya, Sweta, lakini usilale kwa ulanzi," na akanyoosha mikono nimfunge. Nilimfunga fundo zuri. Tumbo lake lilikuwa limejikaza kabla hata hajagusa maji.

Alikanyaga ule utando wa barafu ukapasuka, akaingia mpaka magotini, mpaka kiunoni. Hapo akasimama. Ukiingia maji yale husimami, unatumbukia mara moja, la sivyo baridi inakula miguu. Sote tulijua hivyo. Akageuka.

"Mtani," alisema. "Nikivuta utasikia?"

"Kamba isipolala," nilimjibu.

Mchumba alicheka peke yake. Mtani naye alijaribu kucheka lakini taya zilikuwa zimeanza kugongana. Alimtazama mwalimu. "Kaka, ishike wewe. Huyu mikono yake midogo."

"Mwaka jana ulisema hukusikia kitu," nilisema. "Nami nilihesabiwa mwendawazimu kwa ajili hiyo. Kama ni kweli hukusikia, mimi na wewe hatuna deni, na sina sababu ya kukufanyia ubaya. Sasa unaogopa nini?"

Ukungu ulikuwa ukipita juu ya maji, na yeye amesimama katikati yake amejikumbatia kifua. Mwalimu alisogea mpaka ukingoni kabisa. "Mjibu," alisema. Hakusema kwa ukali.

"Nilisikia," mtani alisema.

"Sema tena," nilimwambia.

"Nilisikia! Zote tatu. Nilidhani ni utani. Nilidhani unanilipizia vile ninavyokushtua nikiwa juu, basi na mimi nikakulegezea, nikawa nacheka." Alikuwa akitetemeka mwili mzima. "Angekuwa mtu mwingine ningemvuta. Wewe ni mtani wangu, ningejuaje?"

Naliandika hili kwa haki, maana nililiamini. Nililiamini mara moja. Mtu asiye na mtani hawezi kufanya kosa kama lile. Lakini haikuwa imekwisha.

"Na nilipotoka natapika? Ulipokwisha kujua?"

"Ulikuwa umeshatoka," alisema.

Basi. Ndilo jibu lake mpaka leo: ulikuwa umeshatoka. Mchumba alikuwa ameacha kutabasamu, na nesi ameziba mdomo kwa mtandio. Mwalimu aliunyoosha mkono kwangu apewe kamba. Sikumpa.

"Haya," nilimwambia mtani. "Wavu unakusubiri."

Angeweza kutoka. Sijui kama ni macho ya mchumba yaliyomzuia, au ni aibu, au alifikiri ana haki ya kujua mimi ni mtu wa namna gani. Alivuta pumzi, akazama. Kamba ikaenda ikipita viganjani mwangu, ikatulia. Muda ukapita. Halafu ikaja: moja, mbili, tatu.

Mkono wangu ulitikisika mpaka begani. Matone yaliruka kutoka kwenye kamba, yakamrukia nesi kwenye viatu. Mtu aliyelala fofofo angeamka. Niliwageukia wote watatu waliosimama ukingoni.

"Mmeona?" niliuliza. "Mmeona jinsi inavyolala?"

"Vuta!" mwalimu alinguruma. "Vuta, dada, tumeona!"

Nilisubiri mpaka alipomaliza kusema tumeona. Ndipo nikavuta, kwa mikono miwili, kwa mgongo, kwa mwaka wangu wote. Mtani alitokea juu akikohoa. Hakuwa amenaswa na kitu chochote. Alitaka tu kujua kama nitamvuta, na nadhani alijua pia kwamba nimechelewa. Nilimfungua fundo mwenyewe maana vidole vyake havikuweza. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua tangu utoto. Sidanganyi, nilitamani kuimba.

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Asante, dada," alisema.

Wengine hawakulisikia neno lile. Mimi nililisikia. Mtu wa Songea ambaye kwa miaka yote aliniita mtani, mlevi, Sweta na mengine yasiyoandikika, aliniita dada kwa heshima zote, akachukua nguo zake, akaenda kukaa ndani ya gari na mchumba wake. Jumapili iliyofuata mwalimu alinipa miwani bila kusema pole, akashika birika yeye mwenyewe. Mtani hakuja, wala hakuja tena. Nikipita Ramadhani anatoka nje ya duka kunisalimia vizuri, anauliza habari za nyumbani, za biashara, za watoto wa mdogo wangu. Nilijiambia kwamba nimeshinda.

Mvua zilizofuata mama yangu alifariki. Wapangwa, Wakinga, Wabena, nyumba ilijaa, na watani walikuwepo wachache. Msiba wetu bila mtani ni kama ugali bila mboga. Mtani ndiye anayenyakua jembe la wachimba kaburi asilirudishe mpaka apewe chochote. Ndiye anayejilaza mlangoni, anayemwigiza marehemu jinsi alivyokuwa akitembea, anayewaambia wafiwa waache kujiliza kwa sababu mama yao alikuwa mchoyo wa chumvi. Unamcheka huku kamasi zinatoka, na kwa muda ule mdogo kifua kinafunguka. Mimi nilikuwa na mtani mmoja wa kweli duniani, na nilipoona pikapu yake ikiingia, naungama kwamba moyo uliruka. Nilimtaka aje anitukane. Nilimtaka sana.

Alishuka amevaa suti. Alinipa mkono, akainamisha kichwa. "Pole sana, dada. Mungu ampumzishe mama mahali pema." Akaenda kukaa kwenye kiti, nyuma ya wanaume, mikono magotini.

Shangazi yangu alinivuta kanga. "Yule si ndiye mtani wako wa Songea?"

"Ndiye."

"Mbona kakaa kama mkwe?"

Jembe liliingia ardhini likatoka, hakuna aliyelinyakua. Mama yangu alizikwa vizuri, kwa utaratibu, kwa nyimbo, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwigiza. Nililia kavu. Wakati wa mchanga nikainua macho, nikakuta ananitazama kutoka kule nyuma, uso wake umetulia kabisa, na nikajua amenilipa. Hakuna mtu yeyote pale ambaye angeweza kumlaumu, maana alichonipa ni heshima.

Mama yake yupo Songea, ni mzima, nasikia bado analima mwenyewe. Mungu amzidishie miaka, mimi sina haraka. Kwenye belo la mwezi uliopita nilipata koti jeusi zito, la sufu halisi, na sikulitundika liuzwe. Siku hiyo nitafika mapema kuliko wote. Nitampa mkono, nitamwita kaka, kisha nitakaa kimya mpaka wamalize kuzika.